Vipimo viko sawa, mbona mimba haiingii?

Wadogo zangu, mwezi huu nimeamua kujibu swali moja tu, maana mmeniandikia wengi na kila mmoja analileta kwa namna yake. Nalichukua kama alivyoliandika mdogo wangu wa Morogoro, jina lake libaki kwangu:

"Dada, ndoa yetu ina miaka mitatu. Hedhi yangu haijawahi kunisumbua, inakuja kwa tarehe zake. Mume wangu nilimbembeleza mpaka akakubali kupima, majibu yakatoka mbegu ni nyingi na zinakwenda vizuri. Mimi nikapigwa ile picha ya mirija, wakasema iko wazi. Mbona mimba haiingii? Wifi yangu ananiambia ninunue vidonge vya projesteroni, ati yeye alivinywa akapata mtoto. Na mama mkwe ameanza kuniuliza kama usichana wangu niliuchezea."

Pole sana, mdogo wangu. Miaka mitatu ya kuhesabu tarehe si kitu kidogo, nami sitakuambia tu "mwachie Mungu" kisha nikakuacha hapo. La mama mkwe tutalifikia. Nianze na hiyo projesteroni ya wifi, kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo kliniki ni nadra kuelezwa, na likieleweka nyumbani kwenu litapunguza lawama.

Sote tunaijua projesteroni kuwa homoni ya kulea mimba. Yai likishatoka kwenye ovari, pale lilipotoka hubaki kifuko cha rangi ya manjano, na kifuko hicho hutengeneza projesteroni ya kuandaa ukuta wa kizazi. Mimba isipotunga, kifuko kinanyauka baada ya kama wiki mbili, homoni inashuka, damu inakuja. Hayo ndiyo tunayofundishwa na ni kweli. Ila homoni hiyohiyo ina kazi nyingine, ya mapema zaidi, na kazi hiyo inaifanya juu ya mbegu za mumeo. Homoni ni yako, mbegu ni zake, na bila hizo mbili kukutana na kuelewana hakuna mimba. Ndiyo maana nasema habari hii ni yenu wawili tangu mwanzo.

Mbegu ya mwanaume inapotoka haijawa tayari kurutubisha yai. Hilo liligunduliwa mwaka 1951 na watu wawili waliokuwa mbali kabisa, Min Chueh Chang huko Marekani na Colin Austin huko Australia, kila mmoja kivyake. Katika sungura na panya waliona kwamba mbegu iliyotoka sasa hivi, hata ukiiweka jirani na yai, haiwezi kuliingia. Lazima ikae saa kadhaa ndani ya njia ya uzazi ya jike, ikamilishwe huko. Kwa hiyo mwili wa mwanamke haungojei tu mbegu zije. Unazifanyia kazi. Tena katika mamilioni yanayoingia ukeni, zinazofika kwenye sehemu ya mrija lilipo yai ni mamia tu, na hizo nazo zikifika safari haijaisha.

Yai halikai peke yake kule ndani. Limezungukwa na kundi la seli ndogo ndogo zilizoshikana kwenye ute mzito, na chini ya kundi hilo kuna ganda gumu linalolifunika yai lenyewe. Seli hizo nazo hutengeneza projesteroni, kwa hiyo karibu na yai homoni hii imejaa mara nyingi sana kuliko ilivyo kwenye damu yako. Watafiti walikuwa wanajua tangu zamani kwamba maji ya kwenye kifuko cha yai la mwanamke yakidondoshewa mbegu, mbegu hubadilika. Mwaka 1989, kundi la Stanley Meizel kule Davis, California, lilitaka kujua ni nini hasa ndani ya maji hayo kinachofanya kazi. Wakakuta ni projesteroni.

Hapo pakazuka fumbo. Homoni za aina hii kwa kawaida huingia ndani ya seli mpaka kwenye kiini, zikaamsha jeni, na matokeo yake huonekana baada ya saa nyingi. Mbegu haiwezi kufanyiwa hivyo. DNA yake imekunjwa na kubanwa mno, jeni zake hazisomeki tena. Na bado mbegu zilikuwa zinaijibu projesteroni hapohapo, ndani ya sekunde. Inaingilia wapi? Ilichukua zaidi ya miaka 20 kulijua hilo.

Kipande cha kwanza kilipatikana Boston mwaka 2001, pale Dejian Ren, David Clapham na wenzao walipokuta kwenye mkia wa mbegu za panya vitundu vidogo mno vya kupitishia kalsiamu. Vitundu hivyo tuviite katspa, ndivyo jina lao linavyotamkwa. Panya dume waliozaliwa bila katspa walikuwa wazima, wanapanda majike, mbegu wanazo tele, lakini hawakuzalisha hata kidogo. Kisha Machi 2011 jarida la Nature likatoa ripoti mbili kwa mpigo, moja ya Polina Lishko na Yuriy Kirichok kutoka San Francisco, nyingine ya Timo Strünker, Benjamin Kaupp na wenzao kutoka Bonn, Ujerumani. Zote zilisema jambo moja: katika binadamu, projesteroni ndiyo inayozifungua katspa.

Napenda sana namna walivyolijua hilo kule San Francisco. Mbegu moja ya mwanaume ina urefu wa kama milimita 0.05, pamoja na mkia wake. Wao walichukua mrija wa kioo wenye ncha nyembamba kupita kiasi, wakaubandika kwenye mbegu moja hai, wakapima umeme unaopita kwenye ngozi yake. Wakaongeza projesteroni kidogo mno kwenye maji, umeme ukapanda papo hapo. Walipofanya vivyo hivyo kwa mbegu za panya, projesteroni haikufungua kitu. Yaani hata katika wanyama wenye katspa, lugha ya kuzifungua haifanani, na utafiti wa panya peke yake usingetueleza habari ya mumeo. Mkisoma tangazo la dawa ya uzazi linalojivunia kuwa "imethibitishwa kwa panya", likumbukeni hili.

Mwaka 2016 Melissa Miller na Lishko, wakiwa Berkeley, wakaongeza kipande kingine. Kwenye ngozi ya mbegu kuna aina ya mafuta iitwayo 2-AG, ambayo mwili huitengeneza wenyewe, na ni ya ukoo wa vile vitu vya mwilini ambavyo bangi huviigiza. Mafuta hayo yanazibana katspa zisifunguke kabla ya wakati. Juu ya ngozi hiyohiyo kuna protini iitwayo ABHD2. Projesteroni ikiigusa, protini hiyo inaanza kuyala yale mafuta, na yakipungua katspa zinaachia. Kalsiamu inaingia kwa wingi mkiani.

Sasa mbegu inabadilika. Ilikuwa inaogelea kwa mapigo madogo yaliyo sawasawa, inakwenda mbele kwa ustaarabu. Ghafla mkia unapinda kwa upana, unapiga kwa nguvu upande mmoja, na mbegu nzima inajirusha kama perege aliyeopolewa majini akatupwa kwenye sakafu ya mtumbwi. Nguvu hizo ndizo zinazoibandua kwenye kuta za mrija ilipokuwa imejishikiza, zikaipitisha kwenye ute mzito, zikaisukuma ndani ya lile ganda la yai. Njiani huko kifuniko kilicho kichwani mwa mbegu nacho kinafunguka na kumwaga vimeng'enya vyake, na projesteroni ina mkono wake katika hilo pia. Mbegu isiyoweza kujirusha hivyo inaweza kufika hadi pembeni ya yai ikaishia hapo.

Mdogo wangu, sasa rudi kwenye ile karatasi ya majibu ya mumeo. Kipimo cha mbegu kinahesabu idadi, kinaangalia mwendo, kinaangalia umbo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 umeweka kiwango cha chini kuwa mbegu milioni 16 katika kila mililita, ujazo wa mililita 1.4, na walau asilimia 42 ya mbegu ziwe zinatembea. Viwango hivyo vilitokana na wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja. Ni kipimo kizuri na lazima kifanyike. Lakini kinaitazama mbegu ikiwa kwenye kioo, kabla haijakutana na chochote cha mwanamke. Hakiulizi: ikifika penye projesteroni, itaitikia?

Wapo wanaume wachache ambao mbegu zao haziitikii. Mwaka 2009 watafiti walieleza familia za Iran ambamo wanaume wasiozaa walikuwa na hitilafu kwenye jeni ya katspa. Na mwaka 2024 Strünker na wenzake wa Münster wakatoa matokeo ya kuwachunguza wanaume zaidi ya 2,000 waliofika kliniki ya uzazi. Walikuta baadhi yao mbegu ni nyingi, zinatembea, kipimo cha kawaida hakina la kusema, ila katspa hazifanyi kazi. Kwa wanandoa hao mimba ya kawaida haikuja, na hata mbegu zilipowekwa pamoja na yai maabara hazikulirutubisha. Kilichowasaidia ni ile njia ya kuichoma mbegu moja kwa sindano moja kwa moja ndani ya yai, njia iliyotoa watoto wake wa kwanza huko Brussels mwaka 1992.

Sisemi mumeo ni mmoja wao. Hali hiyo ni adimu, na hapa kwetu si kipimo utakachokikuta kwenye zahanati. Nakwambia ili ujue maneno "mbegu ziko sawa" yanafika wapi na yanaishia wapi. Majibu yake kuwa mazuri hayakufanyi wewe mwenye kosa. Nusu hivi ya matatizo ya kukosa mimba yana mkono wa upande wa mwanaume, peke yake au pamoja na wa mke, na yako matatizo ambayo hayapo kwake wala kwako, yapo pale mnapokutana.

Haya, vidonge vya wifi. Najua unavyowaza sasa: kama projesteroni inaziamsha mbegu, si ninywe nyingi ziamke zaidi? Hapana, mdogo wangu, usinunue. Iliyo karibu na yai inatengenezwa palepale, kwa wakati wake, na kidonge hakiwezi kuiigiza. Na ukikinywa kabla yai halijatoka, ubongo unasikia projesteroni ipo, unadhani yai limeshatoka, unaacha kutuma amri ya kulitoa. Mwezi huo umepita bure. Isitoshe, projesteroni inaugandisha ute wa mlango wa kizazi, ukawa mzito, mbegu zisipite. Yaani homoni inayozipa mbegu nguvu kule juu kwenye mrija, ikiwahi kuja inazifungia njia kule chini.

Sindano ya kuzuia mimba ya miezi mitatu inafanya kazi kwa njia hiyohiyo, ina homoni jamaa ya projesteroni. P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, nayo vivyo hivyo, inachelewesha yai kutoka, na kama limeshatoka P2 haina msaada. Nimeligusa hili makusudi, maana wengi mnaniandikia, "Dada, niliacha sindano miezi minne iliyopita, mbona kimya, au imeniharibu?" Haijakuharibu. Baada ya sindano ya mwisho wanawake hupata mimba kwa wastani baada ya kama miezi 10. Wapo wanaowahi na wapo wanaochelewa zaidi ya hapo. Kama ulikuwa unatumia sindano, hesabu yako ianzie hapo, usianze kulia mwezi wa nne.

Daktari humpa mwanamke projesteroni kwa sababu maalumu, mathalani baada ya kupandikiziwa mimba, au kwa baadhi ya wanaotokwa damu mimba ikiwa changa na walishapoteza mimba huko nyuma. Inaanza baada ya yai kutoka. Huenda wifi yako alipewa kwa sababu kama hiyo, na mtoto wake ni baraka, lakini dawa yake si yako. Ukitaka kujua kama projesteroni yako inapanda, omba kipimo cha damu, nacho kina siku yake. Wanakiita cha siku ya 21, jina hilo linawapotosha wengi. Siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Kinachotakiwa ni kama siku 7 kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 35 akipimwa siku ya 21 ataambiwa homoni iko chini, ataingia kwenye dawa na hofu, kumbe yai lake ndiyo kwanza linatoka. Nenda na daftari lako la tarehe, mwonyeshe anayekuandikia kipimo.

Na tarehe za kukutana je? Yai likitoka linaishi saa 12 hadi 24 tu, ila mbegu zinaweza kuishi ndani yako hadi siku 5. Kwa hiyo siku zenye matumaini ni 6, ile ya yai kutoka na 5 zilizotangulia. Wengi wenu mnaotumia programu za simu mnangoja siku yenyewe iwekewe alama, ndiyo mnamwita mume kutoka safari. Mmechelewa. Mbegu zinatakiwa ziwe zimetangulia, zimepata zile saa zao za kukamilishwa, yai lizikute. Angalia ute wako ukienda kujisafisha: siku ambazo ni mwepesi, unateleza, na ukiuweka kati ya kidole gumba na cha shahada ukavitanua, unavutika bila kukatika, hizo ndizo. Ukigeuka mzito na kukauka, projesteroni imeshaingia, dirisha limefungwa. Kama kuchunguza ute kunakuchosha, kutaneni kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima, mtakuwa hamjapitwa na kitu. Tena kwa mapenzi, jamani. Nyumba ikishageuka kambi ya tarehe na amri, mwanaume naye anashindwa, na hapo mnapata tatizo la pili.

Sasa nawageukia mashemeji zangu, najua mnasoma kona hii hata kama hamsemi.

Shemeji, kipimo chako kinategemea ulivyokitoa. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu, si zaidi wala pungufu. Usitumie mafuta, sabuni wala mate. Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi, likimwagika mwambie mtu wa maabara, usione haya. Ukitolea nyumbani, kichupa kiweke karibu na mwili kisipoe, na kifike maabara ndani ya saa moja. Na kama uliugua malaria ya homa kali miezi miwili iliyopita, lisemee hilo. Mbegu inachukua kama siku 74 kutengenezwa, kwa hiyo karatasi ya leo inasimulia mwili wako ulivyokuwa wakati ule. Majibu mabaya ya mara moja hayatoshi. Rudia.

Wale wa mazoezi ya kunyanyua vyuma, kuna sindano za testosteroni zinapitishwa huko kwa siri. Kifua kinajaa, sauti inanguruma, na wengi mnadhani mbegu nazo zinaongezeka. Ni kinyume. Ubongo ukiona testosteroni imejaa kwenye damu unaacha kuziamrisha korodani, nazo zinapunguza mbegu, wakati mwingine mpaka zikaisha kabisa. Ukiacha hurudi, ila huchukua miezi mingi. Mke anapimwa kila kitu, anatundikiwa lawama, kumbe sindano iko kwenye begi la mazoezi. Inaniuma sana kila ninapoisikia habari ya namna hii. Na dawa za nguvu za kiume ni jambo jingine kabisa. Kusimama si kuwa na mbegu.

Bangi je? Niliwaeleza yale mafuta yanayozibana katspa ni ya ukoo gani, kwa hiyo mnaona wenyewe kwa nini wataalamu wanaitilia shaka. Katika utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2015, vijana 1,215 walichunguzwa, na waliovuta zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na mbegu pungufu kwa asilimia 28 kwa kila mililita kuliko wasiovuta hivyo. Haithibitishi kila kitu, lakini kama mnatafuta mtoto, iwekeni kando. Na kisonono au klamidia ya zamani iliyotibiwa nusunusu, itajeni wote wawili mbele ya daktari. Katika bara letu maambukizi ya aina hiyo ndiyo yanayoziba mirija ya wengi, ya wake na ya waume.

Niseme na jambo moja la kwenye WhatsApp kabla halijawafikia. Mwaka 2017 maabara ya Lishko iliandika kwamba kemikali iitwayo lupeoli, inayopatikana kwenye maembe na mshubiri, iliizuia projesteroni isizifungue katspa. Habari ikazunguka dunia kwamba maembe yanazuia mimba. Hilo lilifanyika kwenye kichupa, kwa kemikali iliyochujwa, na maabara nyingine ilipojaribu tena haikupata jibu hilo. Hakuna mwanaume aliyekosa mtoto kwa embe. Wala hakuna mwanamke aliyezuia mimba kwa embe, wanafunzi wangu wa chuo mnisikie vizuri.

Mama mkwe. Mdogo wangu, swali lake linauma, na ninakuelewa. Ni kweli kwamba mimba iliyotolewa vibaya mtaani huweza kuharibu kizazi na mirija, ndiyo wanayoihofia wazee. Lakini wewe picha imepigwa na mirija iko wazi, kwa hiyo swali hilo halina pa kusimama, na si wewe unayetakiwa kulijibu. Atakayemjibu ni mwanawe. Mumeo amkalishe mama yake, amwambie kwa heshima, "Mama, tumepima wote wawili, tunatibiwa wote wawili, naomba mke wangu asiulizwe tena." Sentensi moja ya mwana ina uzito kuliko machozi yako ya mwaka. Mwambie pia kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitangaza kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia hili maishani mwake. Hampo peke yenu, hata kwenye ukoo wenu wapo walionyamaza.

Basi fanya hivi. Kwa kawaida wanandoa hushauriwa wamwone mtaalamu baada ya miezi 12 ya kukutana bila kinga, au miezi 6 kama mke amefika miaka 35. Nyinyi mmeshapita hapo mara tatu, kwa hiyo msirudi tena kwenye duka la dawa. Tafuteni daktari wa magonjwa ya wanawake anayeshughulika na uzazi, na mwende wawili, siku hiyohiyo, mkae kwenye viti viwili. Beba daftari la hedhi la miezi sita, picha ya mirija yenyewe na si majibu yake tu, na karatasi ya mbegu ya mumeo yenye namba zote. Mkiambiwa kwamba hakuna sababu iliyoonekana, msikate tamaa. Maana yake vipimo vya kawaida vimefika mwisho wake.

Muulizeni hatua inayofuata ni ipi na kwa nini. Akiwatajia kupandikiza mimba, huduma hiyo ipo Afrika Mashariki, na Nairobi ilishapata watoto wake wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2006. Ni ghali, lazima niwaambie wazi, kwa hiyo kabla ya kuuza kiwanja ulizeni swali hili kwa maneno haya: "Kama mbegu zikiwekwa na yai na zisilirutubishe, mpango wenu wa pili ni upi, na je, mnaweza kutumia sindano ya kuchomea mbegu ndani ya yai kwa baadhi ya mayai tangu siku ya kwanza?" Daktari mzuri atafurahi kuulizwa. Akikasirika, tafuteni mwingine.

Na wewe wa Morogoro, niandikie mkishakwenda. Nataka kujua shemeji alikaa kiti kipi.